Habari za Kale: Vita vya Waingereza na Wadachi, na Ardhi ya Kericho

Mkulima wa Mogogosiek apelekaye majani yake mabichi kupimwa asubuhi ana mambo yake ya kufikiri: uzito wa kikapu, hali ya mvua, na malipo ya mwisho wa mwezi. Ugomvi wa wafalme wa Ulaya si jambo la kumsumbua. Lakini akiinua macho na kuyatazama mashamba makubwa ya chai yaliyotandazwa juu ya vilima kuelekea Kericho, anatazama moja ya matokeo ya ugomvi huo. Vita viliyoyaleta mashamba hayo vilianza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918.

Wengi wakiulizwa sababu ya vita vile hujibu kwamba mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, Franz Ferdinand, alipigwa risasi katika mji wa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Jambo hilo ni kweli, lakini cheche haiunguzi mbuga iliyolowa. Nyasi zilikuwa zimekwisha kukauka zamani. Udachi ulikuwa dola changa, maana nchi zake ziliungana mwaka 1871 tu, nao ulipotazama duniani ukaona Uingereza na Ufaransa zimekwisha kujitwalia nchi nyingi. Ukataka sehemu yake. Waingereza, ambao nguvu zao zote zilikuwa baharini, walifadhaika walipoona Wadachi nao wanaunda manowari nyingi, na mashindano ya kuunda manowari yakagharimu fedha zisizohesabika. Mara mbili, mwaka 1905 na mwaka 1911, Wadachi na Wafaransa walikaribia kupigana kwa ajili ya nchi ya Moroko. Kila dola ikajifungia marafiki kwa mapatano, hata ikawa mmoja akiguswa wote huinuka. Majeshi ya Udachi yalipoingia Ubelgiji, Uingereza ikatangaza vita tarehe 4 Agosti 1914.

Katika Afrika ya Mashariki dola hizo mbili zilikuwa majirani. Mwaka 1886 zilipatana kugawana nchi kwa mstari uliotoka mto Umba, ukauzunguka mlima Kilimanjaro ili mlima uwe upande wa Wadachi, ukaishia ziwa Viktoria Nyanza. Mwaka 1890 zikapatana tena: Uingereza ikawa mlinzi wa Unguja na Pemba, na Wadachi wakapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kaskazini ya Ulaya. Mstari ule uliwakata Wamasai na Wakuria vipande viwili. Hakuna Mmasai wala Mkuria aliyeulizwa.

Vita vilipotangazwa, magavana wote wawili, Sir Henry Belfield wa Nairobi na Heinrich Schnee wa Dar es Salaam, hawakuwa na hamu ya kupigana. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umeacha mlango wa kuziepusha nchi hizi na vita vya Ulaya, na mlango huo ungaliweza kutumika. Haukutumika. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga kwa mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Juma moja baadaye Wadachi wakaiteka Taveta. Mkuu wa majeshi yao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na shauri lake mwenyewe, wala hakulificha: kadiri alivyowashughulisha Waingereza huku Afrika, ndivyo askari wao wangalivyopungua katika vita vya Ulaya. Basi nchi ya watu wengine ikafanywa uwanja wa kumchelewesha adui.

Watu wa Kericho na Sotik hawakuwa mbali na moto huo. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wadachi lilivuka mpaka na kuingia Kisii, upande wa magharibi ukivuka nchi ya Sotik. Tarehe 12 Septemba askari wa King's African Rifles waliwashambulia, na mkubwa wao, Kapteni Thorneycroft, akauawa. Wadachi nao walipata hasara, wakarudi kwao. Kwa muda mfupi mji haukuwa na Serikali yo yote, na wenyeji wakauteka nyara. Waingereza waliporejea waliwaadhibu Wagusii vikali kwa kuwanyang'anya ng'ombe wengi. Hivyo watu wale waliona tawala mbili zikipita malangoni mwao, na gharama ya mapito hayo ikatoka katika mazizi yao.

Habari za mapigano yenyewe zimeandikwa mara nyingi, hasa aibu ya Tanga mwezi wa Novemba 1914, ambapo jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi lilishindwa na watu wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck na kuacha ufukoni bunduki na risasi tele. Mwaka 1916 Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini aliwasukuma Wadachi toka Kilimanjaro hadi kusini. Dar es Salaam ikatekwa mwezi wa Septemba mwaka huo, na Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji. Lettow-Vorbeck akavuka hata nchi ya Wareno, akazunguka, wala hakuweka silaha chini ila tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Lakini vita hivi havikuwa vya bunduki tu. Palipokuwa na mbung'o, ng'ombe na farasi walikufa, na magari hayakuwa na barabara; kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa vichwani. Mwanzoni walitafutwa watu wa hiari, kisha mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha. Mwaka 1917 machifu walitakiwa kutoa kila kijana aliyeweza kusimama na mzigo. Wengi walilishwa unga wa mahindi ambao haukupikwa ukaiva, wakashikwa na tumbo la kuhara damu. Wengine wakafa kwa homa na kwa baridi ya mvua bila blanketi ya kutosha. Hesabu za Serikali ya Kiingereza zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande huu wa Afrika, na wataalamu wengi wa historia husema idadi ya kweli ilizidi sana. Fedha za mishahara ya maelfu ya marehemu hazikufika kwa jamaa zao. Jina la jeshi lile la wapagazi, Carrier Corps, limebaki katika vinywa vya watu: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Katika mapatano ya amani ya Versailles, mwaka 1919, Udachi ulinyang'anywa makoloni yake yote. Nchi kubwa ya Afrika ya Mashariki ya Wadachi ikawekwa chini ya Uingereza kwa amana ya Shirika la Mataifa, ikaitwa Tanganyika; Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji. Mwaka 1920 nchi ya Kenya nayo ikafanywa koloni. Ndivyo vitabu vingi vya shule vinavyoimaliza habari hii.

Kwa Kericho habari haikwisha hapo. Serikali ya Kiingereza ilitaka kuwatuza maofisa wake waliotoka vitani, na tena ilitaka walowezi waongezeke. Mwaka 1919 ukatangazwa mpango wa kuwapa askari Wazungu ardhi. Kwa maofisa waliojeruhiwa zilitengwa eka 25,000 karibu na Kericho, katika nchi ya Wakipsigis, ambao Serikali siku zile iliwaita Walumbwa. Waafrika waliobeba bunduki na waliobeba mizigo katika vita vile vile hawakuwamo katika mpango huo. Tuzo waliyoikuta nyumbani ni kipande cha kuvaa shingoni.

Maofisa wale walipanda kitani. Wakati wa vita kitani kilikuwa na bei kubwa, kwa kuwa mashamba ya Ubelgiji na Urusi yalikuwa yameharibika. Mara bei ikaanguka, na wakati huo huo thamani ya rupia ikabadilishwa, madeni yao yakawa mazito kuliko walivyoyakopa. Katika muda wa miaka michache mpango ukafa. Mtu angedhani kwamba aliyepewa shamba akashindwa, shamba humrudia mwenyewe wa kwanza. Haikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, James Finlay na Brooke Bond, yaliingia, na ardhi iliyokusudiwa kuwaponya majeruhi ikawa bustani za kampuni. Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyoketi toka mwaka 1932 na kutoa taarifa mwaka 1934, ilisikiliza madai ya Wakipsigis, lakini mashamba yakabaki mikononi mwa makampuni.

Wakulima wadogo wa Konoin walipata miche ya chai baadaye sana, na shirika lao la KTDA liliundwa mwaka 1964, kwenye ardhi iliyokuwa imesalia. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hati za mashamba makubwa, ambazo hapo kwanza ziliandikwa kwa miaka 999, zilipunguzwa na Katiba ya mwaka 2010 kuwa miaka 99 kwa wasio raia. Miaka hiyo ikihesabiwa toka tarehe 27 Agosti 2010, itakwisha mwaka 2109.