GARI LAKO: Hita Inayopuliza Moto na Baridi



Wengi wetu tulijifunza udereva katika miji ambako hita ya gari haikuwa na kazi. Huku Minnesota hita si anasa, kwani ndiyo iondoayo ukungu na barafu kiooni na kuwakinga watoto walioketi nyuma. Ikianza kupuliza moto kwa dakika chache kisha baridi, wapo wanaokimbilia kununua nyingine. Tunawasihi wasifanye haraka, maana aghalabu kosa si la hita.

Hita ya gari la petroli haina moto wake yenyewe. Huazima maji ya moto ya injini, ambayo hupita katika rejeta ndogo iliyofichika nyuma ya dashibodi, na feni huipulizia hewa. Basi hita ikipoa, tuyaulize kwanza maji ya injini.

Angalieni hupoa wakati gani. Gari likisimama kwenye taa hewa ikawa baridi, kisha joto likarudi mkikanyaga mafuta, yamkini maji yamepungua au hewa imeingia katika njia zake. Sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi ni ushahidi wa hewa hiyo. Pampu ya maji iliyochoka nayo huleta dalili hizo hizo.

Mambo yakiwa kinyume, joto likapatikana mjini na kupotea katika barabara kuu huku mshale wa joto ukishuka, yaelekea thamostati imekwama wazi. Mafundi wengi wa nyumbani huing'oa thamostati ili gari lisichemshe. Huku kufanya hivyo ni kujinyima joto majira yote ya baridi.

Ikiwa maji yamejaa na mshale umetulia, zimeni injini, kisha guseni kwa uangalifu mipira miwili iingiayo kwenye hita. Yote ikiwa ya moto, shaka iko kwenye kilango kichanganyacho hewa, ambacho mara nyingi hutoa mlio wa tak-tak. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, huenda rejeta ndogo imeziba.

Mkiongeza maji, msitie maji matupu kama tulivyozoea, kwani yakiganda huweza kuipasua injini. Nusu iwe maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda. Mchanganyiko huo hustahimili baridi ya nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ingali ya moto. Dawa hiyo ni tamu lakini ni sumu, basi iwekwe mbali na watoto.

Hita ikipoa ghafla huku mshale ukipanda, egesheni mahali pa salama na mzime injini mara moja. Thamostati ni kitu cha bei ndogo. Injini iliyochemka huweza kugharimu kuliko gari lenyewe. Na maji yakipungua kila mara bila tone chini, bomba la moshi likitoa moshi mweupe wenye harufu tamu, gasketi ya silinda hedi ichunguzwe upesi.

Mfikapo kwa fundi, msiseme tu kwamba hita ni mbovu. Mwelezeni hupoa wakati gani, mshale ulikuwa wapi, na maji yamepungua kiasi gani. Mteja aelezaye hayo si rahisi kuuziwa kifaa asichokihitaji.

Tunawatakia safari za salama.