Daftari la Vifo na Ushahidi wa Sindano

Mtoto akifariki katika zahanati zetu nyingi za Afrika, daftarini huandikwa "homa" au "malaria", na shauri huishia hapo. Wizara nazo hununua dawa kwa kulifuata daftari hilo. Je, likiwa limekosea?

Kwamba hukosea si dhana. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliichunguza miili ya watoto 31 waliohesabiwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo, wakakuta 7 wameuawa na jambo jingine kabisa. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2004. Katika Hospitali Kuu ya Maputo walipasuliwa akina mama 139 waliofariki kati ya 2002 na 2004. Zaidi ya nusu hawakuuawa na matatizo ya uzazi wenyewe, bali na maradhi kama UKIMWI, kichomi na malaria.

Lakini ni mzazi gani atakayekubali mwanawe apasuliwe? Hatumlaumu anayekataa. Kwa ajili hiyo wataalamu wa Maputo na Barcelona walijaribu njia nyingine: kwa sindano hutwaliwa vipande vidogo vya mapafu, ini na ubongo, pamoja na damu na maji ya uti wa mgongo. Mwili haufunguliwi. Walipolinganisha njia hiyo na upasuaji kamili wa maiti zile zile, majibu yalipatana mara nyingi.

Mpango uitwao CHAMPS, ulioanzishwa mwaka 2015, uliipeleka sindano hiyo Siaya na Kisumu nchini Kenya, Manhiça nchini Msumbiji, na kwingineko. Ukaonyesha kwamba miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto yumo kijidudu Klebsiella, ambacho aghalabu huambukizwa wodini na hushinda dawa nyingi. Wafanyakazi wa hospitali watatuelewa upesi: hapa mbu hana hatia, na chandarua hakisaidii kitu. Panatakiwa maji bombani, sabuni, na wauguzi wa kutosha.

Fedha za mpango huo zilitoka kwa Wakfu wa Gates, na vipande vingine vilisomwa Atlanta, Marekani. Twashukuru, ila fedha ya mfadhili huondoka siku apendayo mwenyewe. Serikali zetu hazina budi kuisomesha vijana kazi hii na kuitengea fungu katika bajeti. Na majibu yafikishwe kwanza kwa mama mfiwa, kwa lugha aijuayo, ndipo yapelekwe kwa wakubwa.