"Tumeelewa, Mwalimu"

Nimefundisha uchumi wa mwaka wa kwanza Kitale, kisha Bungoma, na kila muhula wanafunzi hukitetea Kiingereza mbele yangu kama lugha ya kufundishia.

Wanasema wanaelewa. Jioni moja Kitale niliwakuta watano nje ya hosteli wameinamia daftari, wamekwama kwenye gharama ya fursa. Asubuhi walikuwa wamenijibu kwa sauti moja kwamba wameelewa, na fasili ya Kiingereza walikuwa nayo kichwani nukta kwa nukta. Binti mmoja akasema kwa Kiswahili: "Baba akipanda mahindi kwenye ekari yake, kodi ambayo jirani angemlipa ndiyo gharama." Kimya. Halafu mabishano yakalipuka: na kama jirani hana pesa? Na mvua ikikosa? Uchumi wenyewe ndio huo, na darasani kwangu hakuna aliyewahi kuuliza swali kama lile. Kwenye mtihani binti yule aliandika fasili ya kukariri. Nilimpa alama zote. Inaniuma hadi leo.

Wanasema Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi zipo; hazitamkwi madarasani mwetu, ndiyo maana zinasikika ngeni.

Wanasema kazi ni Kiingereza. Barua ya maombi, sawa, na majarida ya kitaaluma pia. Simwambii mtu akiache. Lakini afisa wa kilimo atakayetumwa Kiminini ataulizwa habari za viwavijeshi kwa Kiswahili. Muuguzi wa Webuye ataelezwa maumivu kwa Kiswahili au Kibukusu. Asipoweza kulieleza somo lake kwa lugha hizo, mkulima na mgonjwa ndio watakaoumia.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama. Ni kweli. Ila sokoni Kitale Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti na Mturkana huelewana bei kwa Kiswahili, na wale watano wa hosteli hawakutoka kabila moja.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inazitaja lugha rasmi mbili. Basi mwanafunzi aruhusiwe kujibu mtihani kwa mojawapo. Muhula ujao somo langu la kwanza litaanza na yule jirani asiye na pesa, na litaanza kwa Kiswahili.