Fundi wa jembe na fundi wa bunduki: Somo la vita kwa Shinyanga na Geita

VITA vya Ukraine vilivyopamba moto Februari 2022 vimefufua jambo ambalo mataifa ya Ulaya yalidhani yamelizika mwaka 1945. Maghala ya risasi na makombora yalipoanza kupungua, macho yaligeukia viwanda vya kiraia. Mwaka 2025 kampuni ya Rheinmetall ya Ujerumani ilitangaza mpango wa kuviingiza viwanda vyake vya vipuri vya magari, vya Berlin na Neuss, katika uzalishaji wa zana za kijeshi.

Habari hiyo yaweza kuonekana ya mbali, lakini inaigusa mikoa ya Shinyanga na Geita, ambayo utajiri wake umekuwa ukilisha viwanda vya wengine huku mafundi wake wakibaki pembezoni.

Ikumbukwe kwamba katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, silaha nyingi hazikutoka katika viwanda vya silaha pekee. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, ambacho vyerehani vyake vilijulikana hadi vijijini Afrika Mashariki, kilitengeneza singe za bunduki ya Lee-Enfield Namba 4. Nchini Marekani, bunduki nyepesi aina ya M1, zilizozalishwa zaidi ya milioni 6, zilitengenezwa pia na Underwood ya mashine za kupigia chapa, IBM ya mashine za ofisini na Rock-Ola ya masanduku ya muziki ya baa.

Shinyanga ilikuwa na nafasi yake katika mnyororo huo. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Almasi zisizofaa kwa vito ndizo zinazonoa vyuma vigumu vya kukatia vyuma vingine, na bila vyuma hivyo mashine za kuchonga mitutu husimama. Kwa sababu hiyo, almasi za viwandani zilihesabiwa wakati wa vita kuwa malighafi nyeti. Tanganyika ilitoa jiwe, ujuzi ukabaki Ulaya na Marekani.

Si kwamba ujuzi wa chuma haukuwapo. Warongo wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali kabla ya majembe ya viwandani kutoka ng'ambo kuizima kazi hiyo. Bunduki za biashara zilipoingia bara kwa wingi katika karne ya 19, wahunzi ndio walioweza kuzikarabati. Mbinu za mhunzi ni zile zile, awe anafua jembe au kifyatulio.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vililipima taifa. Jeshi lilipanuka kutoka askari wapatao 40,000 hadi zaidi ya 100,000 pamoja na mgambo, na magari ya raia yakachukuliwa kubeba askari na mizigo. Raia walitoa watu, chakula na magari. Hata hivyo, silaha nzito zilitoka nje, na gharama ya vita ikaulemea uchumi kwa miaka mingi.

Baada ya vita, bunduki zilizozagaa ziliwafikia wezi wa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Kahama na maeneo jirani waliunda Sungusungu, wakijilinda kwa pinde na mishale. Kwa mara nyingine mhunzi wa kijiji akawa na kazi ya ulinzi.

Leo mhunzi huyo akitengeneza gobore bila kibali ni mhalifu chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sheria hiyo ina sababu nzito, kwani gobore lisilosajiliwa huua tembo, huteka wasafiri na huweza kumlipukia hata mwenye kulishika. Hakuna hoja ya kulihalalisha.

Hoja iko kwingine. Mfanyakazi wa Singer hakutengeneza bunduki nzima. Alipewa mchoro, kipimo na mkaguzi, akatoa kipande kimoja kilicholingana na maelfu ya vingine. Fundi wa gobore hufanya kazi yote peke yake, na hakuna magobore mawili yanayofanana. Kinachowatenganisha ni kipimo, mashine na mkataba, wala si akili wala mikono.

Mafundi wa Kahama, Katoro na Geita hukarabati makarasha ya wachimbaji wadogo kila siku. Migodi mikubwa iliyo jirani inahitaji vipuri vya chuma mwaka mzima. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lipo. Kinachokosekana ni zabuni zinazomfikia fundi huyo, viwango anavyoweza kuvisoma na mikopo ya mashine za kuchonga.

Ulinzi wa nchi una Shirika la Mzinga mjini Morogoro na Nyumbu huko Kibaha. Lakini Clydebank inaonyesha kwamba viwanda vya jeshi pekee havitoshi vita vikirefuka. Nyuma yake lazima wawepo mafundi waliozoea kupima kwa usahihi wakati wa amani, wakitengeneza pampu na vipuri vya karasha.

Taifa lisilowajenga mafundi hao leo litalazimika kununua kila kipande siku ya dharura, kwa bei atakayoitaja muuzaji.