Wataalamu wa Kiswahili Washike Chuma cha Kulehemu

Wanafunzi wangu wa isimu hucheka nikiwaambia kwamba mwaka jana niliweka vitabu kando kwa majuma matatu nikajifunza kulehemu. Mpwa wangu, anayesomea uhandisi, alikuwa akiunda redio ndogo ya kurusha na kupokea maandishi hewani, nami nikajitolea kumshikia taa. Niliyoyaona pale mezani yalinihusu mimi kuliko yeye.

Chombo chenyewe ni sahili. Kompyuta hugeuza kila herufi kuwa mlio. Redio huuchanganya mlio huo na mawimbi yanayotokana na kristali moja ya megahezi 14, huukuza hadi wati tatu hivi, huuchuja, kisha huutoa kwenye waya wa mita 10 tuliouning'iniza mwembeni. Hakina hata kidude cha kuzungusha ili kutafuta stesheni, kwani wanaredio wa ridhaa wanaotumia mtindo huu, uitwao PSK31, hukusanyika karibu na megahezi 14.070, na kompyuta huwanasa wote kwa pamoja. Nguvu yake ni ya tochi tu. Lakini kwa kuwa imebanwa katika ukanda mwembamba mno, hali ya anga ikiwa njema maandishi hufika bara jingine. (Asiye na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano asithubutu kurusha. Mpwa wangu anayo.)

Sasa tuje kwenye kiini cha kilio changu. Mtindo huu ulibuniwa na Mwingereza Peter Martinez, ukaenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1990. Ili kuokoa muda, herufi zitumiwazo sana hupewa alama chache, na zilizo adimu hupewa nyingi. Ni hekima ya tangu enzi za Morse, ambaye msimbo wake uliipa E nukta moja tu. Lakini adimu katika lugha ipi? Katika jedwali la Martinez, e ina tarakimu mbili. Herufi a, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa Kiswahili, ina nne. Herufi k, ambayo hatuwezi kusema kitabu, kiti wala kukaa bila yayo, ina nane, sawasawa na x tusiyokuwa nayo kabisa! Nayo z imepewa tisa pamoja na q. Ukituma neno "kuku", pamoja na nafasi za kutenganisha herufi, unatumia tarakimu 36. Mwingereza akituma "tree", lenye herufi nne vilevile, anatumia 20.

Simlaumu Martinez. Aliihesabia lugha yake, na jedwali akalitoa bure kwa walimwengu wote. Lawama nazielekeza kwetu sisi tuliosomea fonolojia na takwimu za lugha, tukawaachia wahandisi mitambo kana kwamba herufi si mali yetu.

Wapo watakaosema kwamba jedwali la Kiswahili litatutenga na dunia. Hoja hiyo ina uzito. Mwenzako wa Osaka asiyekuwa na jedwali lako ataona takataka tupu. Basi kwa kuitana na dunia tubaki na la Martinez. Lakini Mombasa ikizungumza na Tanga, au Kisumu na Mwanza, kuna ubaya gani tukitumia letu, mradi tulichapishe hadharani? Sheria za redio za ridhaa hukataza mafumbo ya kuficha maana, hazikatazi ubunifu.

Idara za Kiswahili ziombe nafasi katika karakana za uhandisi, hata kama ni alasiri moja kwa juma. Darasa langu limekwisha kuanza kuhesabu herufi katika magazeti na tamthilia, na ubishi umezuka: je, "ng'" na "sh" zihesabiwe herufi moja au mbili? Mpwa wangu, aliyedhani kazi hii ingemalizika kwa siku mbili, ananipigia simu kila jioni akiuliza tumeamua nini.