Ramani Kwanza, Katapila Baadaye

Kuchimba mtaro katika Mji Mkongwe wa Zanzibar si sawa na kuchimba mtaro shambani. Shambani mchimbaji akikosea kwa hatua moja, hasara yake ni jasho la siku moja. Mjini akikosea kwa shubiri moja, huenda akakata bomba la maji la mtaa mzima, akazima umeme wa hospitali, au akauondolea msingi ukuta uliosimama kwa zaidi ya miaka mia. Kwa sababu hiyo tunaona inafaa leo kuizungumza mitambo mipya ya kuyaongoza makatapila ya kuchimbia, mitambo inayosifiwa sana ulimwenguni, na kuuliza ni kwa masharti gani itatufaa sisi wa visiwani.

Kwanza tuieleze mitambo yenyewe, kwani si haki kulisifu wala kulilaumu jambo lisilofahamika. Katapila la kuchimbia, ambalo mafundi wetu hupenda kuliita kijiko, lina mkono wenye viungo na ndoo yenye meno mwishoni. Kwa miaka mingi dereva wake ameongozwa na macho yake, na kamba iliyovutwa na mpimaji, na mwenziwe aliyesimama ukingoni mwa shimo akimpungia mkono. Katika mtambo mpya, kila kiungo cha mkono huo hufungwa kitambuzi kidogo kinachopima pembe yake. Juu ya katapila huwekwa vyombo vya kupokea mawimbi ya setilaiti ambavyo, vikisaidiwa na kituo kilicho ardhini, hujua mahali liliposimama na upande lilikoelekea kwa kadiri ya sentimita mbili au tatu. Kompyuta huziunganisha hesabu hizo zote, na dereva huona katika kioo kilicho mbele yake mahali hasa yalipo meno ya ndoo na kina anachotakiwa kukifikia.

Mitambo mingine imevuka hapo. Tangu miaka ya 2010 kampuni ya Komatsu ya Japani imekuwa ikiuza makatapila ambayo ndoo yake hujizuia yenyewe ifikapo kwenye kina kilichochorwa, hata kama dereva ataendelea kuvuta mpini. Mengine huwekewa mipaka: mkono usipande juu ya kimo fulani, wala usizunguke kupita pembe fulani, ukifika hapo, husimama. Ajuaye vichochoro vya Kiponda na Malindi ataiona faida hiyo mara moja. Huko kuta zinakaribiana, baraza zimetokeza njiani, na nyaya zimening'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Katapila dogo, la aina ile ambayo kisogo chake hakitokezi linapozunguka, likiongezewa mipaka hiyo, litaweza kufanya kazi ambayo hadi sasa imewabidi watu waifanye kwa sururu na mtaimbo.

Basi sisi hatumo miongoni mwa wanaokikataa kila kilicho kipya. Mifereji na mabomba ya miji yetu, Unguja na Pemba, yanahitaji kutengenezwa, na kijana wetu hastahili kuingizwa katika shimo refu lisilo na kinga ikiwa ipo mashine ya kumwepusha na hatari hiyo. Lakini mtambo huu una mipaka miwili ambayo mwuzaji hatapenda kuitaja kwanza, na mnunuzi hana budi kuijua kabla ya kutia saini.

Mpaka wa kwanza ni anga. Katika kichochoro chenye nyumba za ghorofa kila upande, anga lionekanalo ni ukanda mwembamba tu. Mawimbi ya setilaiti huzuiwa na kuta, au hugonga ukuta na kurudi, na chombo kikapotoka. Wanaochimba katika mahali pa namna hiyo hutumia chombo cha mpimaji chenye miguu mitatu, ambacho hukifuata kioo kilichofungwa kwenye katapila na kupima umbali kwa mwanga. Njia hiyo ni nzuri, lakini inadai wapimaji wenye ujuzi, na alama za vipimo zilizowekwa mitaani na kulindwa zisibomolewe. Mtu atakayetuuzia mtambo wa setilaiti peke yake kwa kazi ya vichochoroni atakuwa ametuuzia dira isiyoijua kaskazini.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Mtambo huu hujua kile tu ulichoambiwa. Kioo kilicho mbele ya dereva huonyesha mchoro. Hakioni ndani ya udongo. Bomba lisilochorwa, kwa katapila hilo, halipo. Litachimba kwa usahihi mkubwa palepale ambapo halikutakiwa kuchimba.

Na chini ya mji wetu mna mambo mengi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi. Tangu wakati huo kila zama imeongeza yake: mifereji ya mvua, maji machafu, nyaya za simu na za umeme, na sasa nyaya za intaneti. Darajani imebakiwa na jina la daraja, lakini hori lililopitiwa na daraja hilo limekwisha fukiwa, na juu yake leo yanapita magari. Ardhi ya kufukiwa haina tabia moja na ardhi ya asili. Mengi katika hayo hayamo katika karatasi yoyote iliyo kamili. Yamo katika vichwa vya mafundi wazee, wanaojua valvu iko mbele ya mlango wa nani. Fundi huyo akistaafu, ramani imestaafu.

Juu ya ardhi nako hakuna nafasi ya kubahatisha. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti. Ukuta wa namna hiyo una maadui wawili, maji miguuni mwake na mtikisiko, na mtaro uliochimbwa vibaya huweza kuleta vyote viwili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatulitaji tukio hilo kwa kulihusisha na katapila. Tunalitaja kwa kuwa lilitufunza sote jinsi majengo haya, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, yasivyovumilia kosa.

Nchi zilizotutangulia katika mashine zimelipa ada ya somo hili. Tarehe 30 Julai 2004, huko Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lililokuwa limejeruhiwa na mashine za ujenzi liliripuka na kuwaua watu 24. Uholanzi ilitunga sheria mwaka 2008 inayomlazimisha kila anayechimba kwa mashine kuomba kwanza, katika ofisi ya taifa ya ardhi, ramani za mabomba na nyaya za mahali hapo. Marekani tangu mwaka 2007 ina nambari moja ya simu, 811, ambayo mwananchi huipiga kabla ya kuchimba ili wenye mabomba waje kutia alama. Nchi hizo hazikuridhika na kununua mashine zenye akili. Ziliona kuwa akili ya mashine huanzia katika daftari la serikali.

Sisi tumekwisha anza safari hiyo kwa upande wa juu. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Kilichobaki ni kushuka chini ya ardhi. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, Kamisheni ya Ardhi ikabidhiwe ramani moja ya chini ya ardhi, na Mamlaka ya Maji, Shirika la Umeme, Manispaa na kampuni za simu ziwajibike kuleta humo michoro yao yote. Ramani tano katika kabati tano si ramani.

Pili, sheria imtake kila mchimbaji, wa serikali au wa binafsi, kuiona ramani hiyo kabla ya kuchimba, na mtaro wowote usifukiwe kabla ya kilichomo kupimwa na kuandikwa. Hapa ndipo wanaohofia gharama watakapopata jibu. Mitaro inachimbwa kila mwaka. Kupima bomba lililo wazi mbele ya macho ni kazi ya saa chache. Kulitafuta baada ya kufukiwa ni kazi ya siku nyingi.

Tatu, ramani isiaminiwe bila ya kuhakikishwa. Ipo rada ya kupenya ardhini, lakini ardhi yenye unyevu na chumvi, kama ile ya karibu na pwani, huifupishia uwezo wa kuona. Kwa hiyo mashimo madogo ya majaribio, yanayochimbwa kwa mkono na kwa uangalifu, yabaki kuwa sharti katika kila mkataba wa Mji Mkongwe.

Nne, mikataba ya kununua au kukodi mitambo iwe na kifungu cha kuwafunza madereva na wapimaji wetu, na mafundi wazee waitwe waonyeshe wanayoyajua wakati wangali nasi, walipwe kwa elimu hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine itachakaa na kubadilishwa; ujuzi wa mahali hauuzwi dukani.

Wananchi nao wana wajibu wao. Anayejiunganishia bomba usiku bila ya kibali, au anayeing'oa alama ya mpimaji iliyo mbele ya duka lake, anaificha hatari ambayo kesho itamkuta mtoto wa jirani yake.

Visiwani tunajua maana ya kukatikiwa. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa sababu ya hitilafu katika njia yetu ya umeme kutoka Bara. Hatuna haja ya kujiletea giza dogo dogo kwa ndoo ya katapila. Mitambo hii na ije, na tutaipokea kwa furaha. Lakini siku itakapoteremshwa bandarini, iikute ramani imekwisha kuwa mezani.