Esansi ya Pikipiki: Namba Ni Nzuri, Lakini Angalia Chupa



Kijana mmoja anayebeba watu kwa pikipiki kati ya Baraka na Misisi ametuletea ulizo: «Kitabu cha moto yangu kinaandika oktani 91. Muuzaji mmoja anasema yake ni 95, na bei iko juu. Ninunue ipi ili moto ipate nguvu?» Ulizo hili linagusa jamaa nyingi. Huku kwetu pikipiki moja inalisha nyumba mbili: mwenye moto anangoja pesa yake kila jioni, na watoto wa mwendeshaji wanangoja chakula na minervali.

Kwanza, namba hiyo ni nini? Ndani ya motere, pistoni inabana hewa na esansi pamoja, mara tisa hivi kwa pikipiki nyingi za kazi. Kisha buji inatoa cheche, na esansi inawaka kwa utaratibu. Lakini esansi isiyovumilia kubanwa haingoji. Sehemu yake inajiwasha yenyewe kwa joto, mbele ya mwako wa buji kuifikia. Ndipo unasikia motere inagonga ka-ka-ka kama misumari ndani ya kopo, zaidi sana ukipanda mlima na mzigo. Namba ya oktani inapima uvumilivu huo. Kipimo hiki kilianzia Marekani katika mwaka 1926: aina moja ya mafuta isiyogonga ilipewa 100, nyingine inayogonga upesi ikapewa 0, na esansi yote inalinganishwa na hizo mbili.

Basi oktani si nguvu. Kama kitabu kinasema 91, basi 91 inatosha. 95 haitaharibu kitu, lakini haitaongeza mbio wala nguvu. Pesa ya ziada ununulie mafuta mazuri ya motere. Kushuka chini ya 91 ndiko kubaya.

Sasa tuseme ukweli. Baraka na Fizi, ni nani anasoma namba? Esansi inavuka ziwa kutoka Tanzania, ao inashuka kwa balabala ya Uvira. Inapita bidoni kwa bidoni, mpaka inafika mezani kando ya njia ndani ya chupa. Chupa haina namba. Na taabu kubwa si 91 ao 95. Taabu ni esansi iliyochanganywa na petroli, yaani mafuta ya taa. Oktani ya petroli iko chini sana, na hata kiasi kidogo kinashusha ile ya esansi yote. Moto inagonga, inatoa moshi, asubuhi inakataa kuwaka, buji inakuwa nyeusi. Petroli isiyoungua inateremka pembeni ya pistoni na kuingia katika mafuta ya motere, inayafanya mepesi kama maji. Mwisho wake ni pistoni kutoboka ao silinda kukwaruzwa.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme unaokoa franka 200 kwa litre, na unatumia litre 4 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 26 umeokoa franka 20.800. Uliza fundi bei ya pistoni, segima na kazi yake, kisha ongeza siku ambazo moto inalala garaje bila kuleta kitu. Na kama ulikuwa umebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, moto ikazimika katikati ya Lulimba na Fizi, hapo hakuna hesabu tena.

Angalieni pia neno lenyewe. Kigoma ukisema «petroli», watakupa esansi. Huku kwetu petroli ni ya taa. Ukimtuma mtu ng'ambo, mweleze wazi: ya pikipiki ao ya taa.

Utajuaje esansi safi? Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto na sigara. Esansi safi inakauka upesi na haiachi alama. Yenye petroli inaacha doa la mafuta. Kwa maji, acha chupa nyeupe itulie kidogo: maji yatakaa chini, nawe utaona mstari. Usinunue chupa iliyokaa juani siku nzima, maana sehemu nyepesi imekwisha kuruka. Chuja kwa kitambaa safi. Na ukipata muuzaji mwaminifu, mshike, hata akizidi bei kidogo.

Wamama, jambo hili ni lenu pia. Bidoni ile ile inayobeba esansi leo, kesho inabeba petroli ya taa. Esansi kidogo ndani ya taa inatosha kulipuka usoni mwa mtoto. Tengeni bidoni, ziwekeni alama, na esansi isilale katika chumba cha kulala. Tusisahau Sange, tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta lilianguka, likawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa.

Na ninyi ndugu mnaouza: Mezali sura ya 11 inaanza na mambo ya mizani ya uongo. Chupa iliyochanganywa ni mizani ile ile. Anayeinunua ni jirani yako, na siku nyingine abiria wake atakuwa mtoto wako.

Kwa hiyo, kijana wetu wa Misisi, jibu ni hili: fuata 91 ya kitabu chako, usilipie 95 kwa kutafuta nguvu, na usimwage chupa ndani ya tangi mbele ya kuweka tone moja juu ya karatasi.